Tangi la watu sita, nyumba ya watu ishirini: kutunza septiki mji unapokua

Kila septiki, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka ya nyumba, ilijengwa kwa idadi fulani ya watu. Fundi aliyeichimba aliuliza, au alipaswa kuuliza, nyumba itakaliwa na watu wangapi, akapiga hesabu, akajenga. Halafu mji ukakua. Banda la uani likageuzwa vyumba vya kupangisha, ghorofa ikapandishwa, chumba cha mbele kikawa saluni, na chini ya ardhi tangi likabaki lile lile.

Kazi hii niliianza nikiwa utingo wa gari la kunyonya maji taka, nikibeba mpira na kufungua vifuniko. Siku hizi nakagua na kukarabati mifumo ya nyumba na ya biashara. Jambo ninalotaka mwenye nyumba alishike kabla ya mengine ni hili: tangi likijaa tope linanyonywa na maisha yanaendelea, lakini udongo unaopokea maji ya tangi ukiziba, hakuna gari la kuuzibua. Karibu kila ninachoelekeza hapa chini ni kwa ajili ya kuulinda udongo huo.

Kinachoendelea chini ya kifuniko

Maji ya choo, bafu, sinki na kufulia huingia tangini na kutulia. Vilivyo vizito huzama vikawa tope. Mafuta na vyepesi huelea vikawa utando. Katikati hubaki maji ya kijivu, na ni hayo peke yake yanayotakiwa kutoka kwenda kwenye shimo la kufyonza au mitaro ya kufyonzea, yanakopenya kwenye udongo. Bakteria wasiohitaji hewa huozesha sehemu ya tope. Sehemu nyingine haiozi hata ukiiachia miaka, na hiyo ndiyo inayorundikana.

Nakutana na watu wengi wanaojivunia kwamba shimo lao halijawahi kujaa tangu nyumba ijengwe. Hapo huwa naomba kifuniko kifunguliwe. Tangi lisilovuja hujaa maji siku chache tu baada ya kuanza kutumika, na kiwango chake hukaa palepale kwenye mdomo wa bomba la kutokea, leo, kesho na mwaka kesho. Kinachoongezeka ni tope na utando, na juu ya ardhi hakuna dalili. Kama tangi kweli halijai, basi linavuja au lilijengwa bila sakafu, na maji machafu yanakwenda moja kwa moja ardhini, pengine kwenye kisima. Na kama maji yako kwenye kiwango chake lakini halijanyonywa kwa miaka na miaka, basi tope limeshaanza kuvuka upande wa pili kwenda kuziba udongo.

Kuna kipande kimoja kidogo kinachobeba mzigo mkubwa, nacho ni tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T. Bomba la kuingilia na la kutokea yote mawili yanatakiwa kuwa na tii ndani ya tangi. Ya kuingilia huelekeza maji chini yasitibue utando. Ya kutokea huteremka chini ya utando na kuchota maji ya katikati tu. Tii ya kutokea ikivunjika au ikidondoka, mafuta yanaelea moja kwa moja hadi kwenye shimo la kufyonza. Ni kipande cha plastiki ambacho fundi bomba yeyote anaweza kukirudishia, na nimeona mifumo mizima ikifa kwa sababu hakuna aliyechungulia kukiangalia.

Tangi zuri la nyumba lina vyumba viwili, cha kwanza kikichukua kama theluthi mbili ya ujazo. Kumbuka hili siku gari litakapokuja, maana vyumba vyote viwili vinanyonywa.

Hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Chukua tangi la lita 3,000 na familia ya watu sita. Tuseme kila mtu anatumia lita 100 za maji kwa siku, jumla 600. Tope huongezeka kwa wastani wa lita 40 hivi kwa mtu kwa mwaka. Kwa watu sita ni lita 240. Kanuni ninayoifuata ni kutoruhusu tope na utando kuzidi theluthi moja ya tangi. Hapa theluthi ni lita 1,000. Gawanya kwa 240: ni miaka minne na kidogo. Ndiyo maana nyumba nyingi za familia huambiwa zinyonyeshe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Sasa igawe nyumba hiyo kwa wapangaji mpaka ifike watu ishirini. Tope linakuwa lita 800 kwa mwaka, na theluthi inafikiwa baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Lakini hilo ndilo dogo. Tazama maji. Kila siku zinaingia lita 2,000. Theluthi moja ikishashikwa na tope, nafasi iliyobaki ni lita 2,000. Maana yake maji yanakaa tangini siku moja tu, saa 24, na huo ndio muda wa chini kabisa wa kuruhusu uchafu utulie. Wakati wa familia ya watu sita, kwenye nafasi hiyo hiyo maji yalikaa zaidi ya siku tatu. Ukichelewa kunyonya kidogo, au wapangaji wote wakifua siku moja ya mapumziko, tope linasukumwa nje likiwa bado linaelea ndani ya maji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anaweza kuongeza vyumba vinne uani, jibu langu halianzii kwenye vyumba. Naanza na tangi lina lita ngapi, kisha shimo la kufyonza lina ukubwa gani. Ukipanga kuongeza wapangaji, ongeza tangi na eneo la kufyonzea kabla ya kupaka rangi. Baada ya zege na vigae kumwagwa uani, nafasi ya kuchimba huwa haipo tena.

Kama hujui ujazo wa tangi lako, pima kwa ndani urefu, upana na kina cha maji kwa mita, zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 1,000. Hizo ni lita. Kipimo cha kina usichukue mpaka juu kwenye mfuniko. Chukua kutoka sakafuni hadi mdomo wa bomba la kutokea.

Kupima tope na utando

Hesabu inakupa makadirio. Kijiti kinakupa ukweli. Mwenye nyumba apime mara moja kwa mwaka. Mwenye nyumba ya wapangaji wengi au biashara apime kila miezi mitatu mpaka azoee mwenendo wa tangi lake.

Tafuta mti mnyoofu unaofika sakafuni na kubakiza sehemu ya kushika. Viringisha taulo jeupe au kitambaa cheupe chenye manyoya kwenye mita moja ya chini, ukifunge vizuri. Uteremshe polepole karibu na tii ya kutokea, ukipita pale ambapo utando haupo au ndani ya tii yenyewe, mpaka uguse sakafu. Uache dakika chache, kisha upandishe taratibu bila kuuzungusha. Sehemu iliyokaa ndani ya tope itatoka na chembe nyeusi zilizong'ang'ania manyoya, na juu yake kitambaa kitakuwa kimelowa tu. Pima sehemu nyeusi. Hicho ndicho kina cha tope.

Kwa utando, pigilia kipande cha ubao bapa chini ya mti mwingine uwe kama herufi L. Usukume upite utando, uuzungushe robo, kisha uuvute juu mpaka ubao ugote chini ya utando. Weka alama kwenye mti usawa wa ukingo wa mfuniko. Sasa tafuta mwisho wa chini wa tii kwa namna hiyo hiyo na uweke alama ya pili. Tofauti ya alama hizo ndiyo nafasi iliyobaki kati ya utando na mdomo wa tii.

Ita gari ikiwa nafasi hiyo imebaki sentimita 15 au chini yake, au ikiwa juu ya tope pamefika sentimita 30 kutoka mdomo wa tii. Moja likitimia linatosha. Usisubiri la pili. Andika tarehe na vipimo kwenye daftari. Daftari la miaka mitatu linakwambia kasi ya tangi lako kuliko fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Usiingie, na usimruhusu mtu kuingia

Hapa sitaki kupita haraka. Ndani ya tangi kuna gesi. Hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, huua, na inachotangulia kuua ni uwezo wa pua kuinusa: ikifika takriban sehemu 100 katika milioni ya hewa, harufu hupotea na mtu hudhani hewa imekuwa safi. Kuna methani, inayoshika moto kwa kiberiti au sigara. Na kuna upungufu wa oksijeni, ambao hauna harufu wala rangi. Tangi lililokwisha kunyonywa bado lina gesi hizi, na kulikoroga tope kunazitoa kwa wingi zaidi.

Vifo vya mashimo huja viwili viwili na vitatu vitatu. Mmoja anaingia kuokota koleo au kuzibua bomba, anaanguka. Ndugu yake anamwona, anaruka kumwokoa, anaanguka. Jirani naye. Wote walikuwa watu wazima wenye nguvu na wenye upendo. Kwa hiyo kubalianeni nyumbani mapema: mtu akianguka tangini hakuna anayemfuata. Piga kelele za msaada, waite zimamoto, wenye mitungi ya hewa na kamba za uokoaji. Anayeingia tangini kwa kazi lazima awe na kipima gesi, hewa inayopulizwa ndani, mkanda wa mwilini wenye kamba, na watu juu wanaoweza kumvuta bila wao kuingia. Fundi anayekuambia yeye amezoea, mzuie. Kijana wa kibarua anayekubali kuteremka kwa sababu anahitaji hela, mzuie pia. Wewe ndiye mwenye shimo.

Hata kwa kupima tu, muwe wawili, simama upande upepo unakotoka, usiinamishe uso juu ya mdomo wa tangi, usivute sigara. Vaa glavu na buti, nawa kwa sabuni ukimaliza. Usiondoke hata dakika moja huku kifuniko kiko wazi. Na kifuniko chenyewe kiwe cha zege au chuma kizito, kisichomomonyoka, ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Nikikuta bati au mbao juu ya shimo, huwa sianzi kazi nyingine yoyote mpaka pamefunikwa.

Siku ya gari

Kabla mpira haujashuka, tazama kiwango cha maji. Kikiwa sawa na mdomo wa bomba la kutokea, vizuri. Kikiwa juu yake, udongo haupokei tena au bomba limeziba. Kikiwa chini, tangi linavuja. Ukisubiri mpaka limenyonywa umepoteza taarifa hiyo.

Mpira upitie kwenye mdomo mkubwa wa tangi. Bomba dogo la ukaguzi halifai. Ukinyonya kupitia hapo unatoa maji na kuliacha tope. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ni haraka, gari linajaa, na mwenye nyumba anaridhika akisikia limejaa. Sisitiza utando uvunjwe, tope likorogwe kwa maji ya presha au kwa kurudisha maji ya gari, na chumba cha pili kinyonywe pia. Usiondoke kwenda kunywa chai, simama pale.

Tangi likiwa tupu, mulika kwa tochi ukiwa nje. Angalia tii zote mbili, nyufa, ukuta wa kati, mizizi. Sikiliza na utazame bomba la kutokea: kama maji yanarudi ndani kutoka shimo la kufyonza, basi shimo hilo limeshiba, na ugonjwa wako uko huko. Wateja wengi huita gari kila wiki mbili wakidhani tangi ni dogo, kumbe kinachojaza tangi ni maji yaliyokosa pa kwenda.

Watu huniuliza kama wabakize tope kidogo liwe mbegu. Hapana haja. Kinyesi kinachoingia kesho kina bakteria wa kutosha. Usisugue kuta wala kumwaga dawa ya kuua vijidudu. Unga na maji ya chupa vinavyouzwa kwa ahadi kwamba hutanyonya tena, viache dukani. Hakuna kinachofanya tope lisilooza litoweke, na tindikali au viyeyushi huharibu zege na udongo.

Msimu wa mvua, ardhi ikiwa imejaa maji, usilimalize tangi lote. Tangi tupu ndani ya ardhi yenye maji huinuliwa na kung'olewa, hasa la plastiki, na mabomba yake hukatika. Ahirisha, au nyonya kiasi tu, kisha lijaze maji safi mara moja.

La mwisho kabla gari halijaondoka: uliza linakwenda kumwaga wapi, na udai karatasi ya kituo cha kutibu maji taka. Tope lako likimwagwa mtoni usiku, kuna watu wanaochota maji chini ya mto huo.

Ndani ya nyumba

Chooni viingie vitatu: haja, maji na karatasi ya chooni. Taulo za kike, nepi, kondomu, pamba za masikioni na vile vitambaa vyenye unyevu havitakiwi, hata kama pakiti imeandikwa kwamba vinaweza kumwagwa chooni. Mimi ndiye ninayevitoa, vikiwa vizima. Weka ndoo yenye kifuniko kila choo, hasa kwenye nyumba ya wapangaji. Mtu asipoona pa kutupa atatupa chooni, na hilo ni kosa la mwenye nyumba.

Mafuta ya kukaangia yafutwe kwa karatasi yaende kwenye takataka. Rangi, dizeli na dawa za wadudu visiguse sinki. Dawa za klorini za kusafishia choo kwa kiasi cha kawaida hazina shida.

Kisha angalia uvujaji. Choo kinachotiririka mfululizo kinaweza kupoteza lita 750 kwa siku, zaidi ya matumizi ya ile familia ya watu sita. Tia tone la rangi ya chakula kwenye tangi la juu la choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira wa ndani siku hiyo hiyo. Nimewahi kuondoa unyevu wa uani uliosumbua nyumba nzima kwa kubadilisha mpira huo tu.

Udongo wenyewe

Kazi ya kusafisha hufanyika hapa. Tangi hutenganisha tu. Vijidudu na uchafu ulioyeyuka huondolewa maji yanapopenya polepole kwenye udongo wenye hewa. Ndiyo maana chini ya shimo la kufyonza mpaka usawa wa maji ya ardhini panatakiwa pasipungue mita 1.5, na kisima kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Kwenye miamba yenye nyufa au mchanga mkubwa hata mita 30 hazitoshi.

Mahali maji yanapokutana na udongo hujengeka utando mweusi wa kuteleza, kazi ya bakteria. Ukiwa mwembamba unasaidia kuchuja. Ukilishwa tope na mafuta kila siku unanenepa mpaka maji hayapiti. Dalili zake ni hizi: choo kinashuka polepole na kubwabwaja, harufu jioni, nyasi za kijani sana mahali pamoja wakati wa kiangazi, ardhi inayobonyea ukikanyaga.

Usipitishe wala kuegesha gari juu ya mitaro, maana udongo ulioshindiliwa haupitishi maji wala hewa. Usimwage zege wala kupanga vigae juu yake. Usipande miti karibu, nyasi zinatosha. Maji ya mapaa na ya uani yachimbiwe njia yake yapite mbali, na yasiunganishwe kamwe na septiki. Mvua moja kubwa juu ya paa pana inaweza kuingiza tangini maji ya siku nyingi kwa saa moja na kulikoroga tope lote.

Kama una nafasi, jenga sehemu mbili za kufyonzea na chemba ya kugawa katikati. Tumia moja miezi sita hadi mwaka, kisha geuza. Ile iliyopumzishwa hupata hewa, utando mweusi huliwa na bakteria wanaohitaji hewa, na udongo hurudi kupokea. Ningependa kila nyumba mpya iwe nayo. Kwa shimo moja lililokwisha kuziba, kupunguza maji na kulipumzisha kwa miezi kunaweza kulifufua, kama uziba haujawa wa mafuta.

Biashara

Mgahawa ndio unaoua shimo la kufyonza kwa kasi kuliko biashara nyingine, kwa sababu ya mafuta. Maji ya jikoni lazima yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta, na maji ya choo yasiingie humo hata kidogo. Isafishwe pindi mafuta ya juu na uchafu wa chini vikifika robo ya kina chake. Kwa jiko lenye shughuli inaweza kuwa kila wiki. Usikubali mfanyakazi aimwagie maji ya moto na sabuni kali ili ionekane safi. Mafuta huyeyuka, hupita, kisha hupoa na kuganda ndani ya tangi au kwenye mitaro. Mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, na karatasi ukutani anayoweka sahihi kila anaposafisha.

Baa na kumbi tatizo lao ni wingi wa ghafla. Tangi linalotosha siku za kawaida hupokea umati mmoja wa usiku na kusukuma kila kitu nje. Kwa shughuli kubwa kodi vyoo vya muda. Shule vivyo hivyo: pima na nyonya wakati wa likizo, wanafunzi hawajarudi.

Saluni waweke wavu wa kunasa nywele kwenye kila sinki, maana nywele haziozi tangini. Wanaofua kwa biashara wafunge kichujio cha nyuzi na kusambaza mizigo yao kwa wiki. Zahanati isimwage dawa zilizoisha muda wala ndoo za dawa kali za kuua vijidudu. Huko ndani bakteria ndio wafanyakazi wetu. Pa kuoshea magari na gereji visiunganishwe na septiki kabisa. Vinahitaji chemba ya kutuliza mchanga na ya kutenga mafuta, na njia yao wenyewe.

Kwa jengo lolote la biashara nashauri kichujio kwenye tii ya kutokea. Kivute kila miezi sita au kabla, ukioshe juu ya chumba cha kwanza ili uchafu urudi huko, kisha ukirudishe. Kikiziba, vyoo hupunguza kasi, na hiyo ni kazi yake: kimezuia tope kwenda kwenye udongo na kukuita uje.

Mji ukikufikia

Chora ramani. Pima kutoka kona mbili za nyumba hadi kila kifuniko na hadi kingo za mitaro, andika kwenye karatasi, piga picha, weka pamoja na hati za kiwanja. Kwenye mji unaokua, mafundi wa nguzo, mabomba na misingi ya jirani watachimba bila kujua kilichopo. Mnunuzi wa nyumba naye adai ramani hiyo na daftari la kunyonya kabla ya kulipa. Asipopewa, afungue vifuniko na kupima mwenyewe.

Viwanja vikigawanywa, kisima cha jirani mpya kinaweza kuchimbwa hatua chache kutoka shimo lako, ingawa shimo lilikuwepo kwanza. Nenda mwambie lilipo kabla hajaanza kuchimba. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini ni mepesi kuliko kuhara kwa watoto wake. Kisima kilichokwisha kuwa karibu kipimwe maji mara kwa mara, na maji ya kunywa yachemshwe au kutibiwa.

Bomba kuu la maji taka la mji likipita mtaani kwako, jiunge nalo, hata kama septiki yako bado inafanya kazi. Ukishajiunga, tangi la zamani usiliache tupu chini ya uwanja. Linyonywe lote, litobolewe sakafu ili maji ya mvua yasitwame, kazi ambayo hufanywa kwa mashine kutoka juu, kisha lijazwe mchanga au kokoto kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka mpaka usawa wa ardhi. Kata na uzibe kwa zege bomba lililokuwa likiingia. Weka alama kwenye ramani kwamba hapo pamejazwa, pamoja na tarehe.